Spika za Mbao kutoka Mikumi

Mume wangu alirudi kutoka Mikumi siku hiyo akashindwa hata kula kwa furaha. Mzee mmoja aliyekuwa na hoteli kando ya barabara kuu alikuwa anafunga biashara ahamie kwa binti yake, na vyombo vyake vya muziki, vile vya gharama alivyoagiza Ulaya, alikuwa anaviuza.

"Twende ukasikie mwenyewe," akaniambia. "Utalia!"

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia nyumba yetu wenyewe hapa Kilosa. Sebule ilikuwa tupu, na mpunga wa shamba letu la Tindiga ulikuwa umenilipa vizuri. Kesho yake tukaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni ndani."

Ukumbini palikuwa na amplifaya moja na jozi mbili za spika. Jozi moja ilikuwa nyeusi, imekwaruzika, kona moja imeshikizwa kwa gundi. Nyingine ilikuwa ya mbao nyekundu, imeng'arishwa mpaka nikaliona gauni langu ndani yake. Hizo ndizo alizozitajia bei kubwa, na moyo wangu ulishakwenda huko.

"Tunanunua sauti, hatununui kabati," mume wangu akaninong'oneza.

Mzee akasikia, akacheka. "Basi geukeni, mtazame ukuta."

Tukageuka. Akapiga wimbo wa dansi wa zamani, ninaoujua tangu utotoni, lakini ilikuwa kama siujui. Nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza. Mwili ulinisisimka. Kisha mzee akahamishia wimbo uleule kwenye jozi nyingine. Ulikuwa mtamu bado, ila ile pumzi ilipungua kidogo.

"Za kwanza!" mume wangu akasema.

"Na mimi, za kwanza."

Tulipogeuka, mzee alikuwa ameweka mkono juu ya zile nyeusi: ndizo za kwanza. Mume wangu aliruka kama timu yake imefunga goli.

"Umeona?"

"Nimesikia," nikamjibu. "Bado nataka za mbao."

"Si umesema mwenyewe?"

"Mume wangu, muziki tutapiga jioni. Sebule nitaitazama kutwa. Miaka yote tumeishi nyumba za kupanga, na viti vya kuazima mgeni akija. Nataka kitu ambacho hata kikizimwa kinapendeza."

Akazisogelea, akapitisha kiganja juu ya mbao, akarudia tena.

"Kweli zinapendeza," akasema polepole.

Tukazilipia palepale pamoja na amplifaya, tukakodi kirikuu. Dereva alimwita mume wangu akae mbele, akakataa. Alipanda nyuma na mizigo, amekumbatia spika moja kila upande mpaka Kilosa, huku anaimba.

Mama mkwe alikuwa anatungoja mlangoni. "Masanduku ya nguo haya ni mazuri," akasema. Mume wangu akaunganisha nyaya, akapiga wimbo. Gitaa lilipoingia, mama mkwe akajifunga khanga kiunoni, akaingia katikati ya sebule tupu akacheza, akituita kwa Kisagara tusisimame kama nguzo. Majirani wakaingia bila hodi, nami nikacheza na viatu vya safari miguuni.

Siku hizi mume wangu ndiye anayezipangusa vumbi. Mgeni akithubutu kuweka glasi juu yake, huiondoa kabla mgeni hajaketi.