Alama Tatu za Mjomba

Kazi yangu hapa Malaba ni kutengeneza video za matangazo ya maduka. Unachora kitu kwenye kompyuta, tuseme sufuria, unakiwekea alama za mahali kitakapopita, na programu inaziunganisha alama hizo kuwa njia. Sufuria inateleza yenyewe. Nilijivunia kazi hiyo kupita kiasi, nakiri.

Ndipo mjomba wangu, dereva wa trela, akaja na karatasi. Majuma mawili kabla alikuwa amemgonga na kumuua mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli ya ndizi karibu na Chakol. Mjomba alikuwa peke yake garini, wala hakukuwa na shahidi. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana kukutana nyumbani kwa mjane. Wakiamini kwamba marehemu aliingia barabarani ghafla, wangeyamaliza kama ajali. Wasipoamini, wangekwenda mahakamani, na mjomba aliogopa jela kuliko kifo. Alitaka nimtengenezee video, waone kwa macho yao.

Kwenye karatasi aliniwekea alama tatu: alipokuwa akija moja kwa moja, alipokanyaga breki, na alipokata kulia kumkwepa mtu. Zote zilikuwa ndani ya lami. Nikazihamisha zilivyo, kisha nikapoteza siku nzima nikipamba magurudumu. Njia yenyewe sikuikagua.

Siku ya kikao niliweka laptopu mezani kwa mjane, kando ya picha ya mumewe. Watu wakasogea. Lori likaja, na kabla halijafika penye breki likaanza kupinda kushoto, taratibu, likatoka kwenye lami, likampitia mwenye baiskeli palepale pembeni kwenye changarawe. Kisha likarudi barabarani kama halijafanya kitu.

"Rudisha nyuma kidogo," mjane akasema. "Hapo. Si lori imetoka kwa lami?"

Nilimtazama mjomba, alikuwa akitazama viatu vyake. Nikaanza kueleza mbio mbio, jasho likinitoka. Programu hii haipendi kona. Ukiipa alama tatu zisizonyooka huzilainisha, na katika kulainisha huivimbisha njia upande wa pili. Kosa ni langu, nikawaambia, lori halikupita pale. Nikaunyoosha mstari mbele yao, nikaicheza video tena. Safari hii lori lilibaki kwenye lami, na mwenye baiskeli ndiye aliyeingia mbele yake.

Mzee mmoja wa upande wa mjane alinung'unika kwamba kila mwamba ngoma huvutia kwake. Wenzake walikuwa wamechoshwa na mambo ya kompyuta. Wakakubali kuwa ni ajali, wakaomba, na mjane akatuletea chai. Nilikunywa vikombe viwili, nikiona nimemwokoa mjomba wangu.

Tulirudi kwa miguu kando ya barabara ile ile. Tulipofika mahali pa ajali, mjomba akasimama. Pale pembeni changarawe ilikuwa bado imechimbika. Nilidhani anatafuta maneno ya kunishukuru.

"Ile video ya kwanza," akaniuliza kwa sauti ya chini, "nani alikuambia?"