Mgongo wa Marehemu

Wanaosema kwamba mwanamume anayenishika kidevu katika picha ile si mume wangu, wanasema hivyo kwa sababu mbili: hawana kazi, na hawajui kamera. Ya kwanza siwezi kuitibu. Ya pili nitawafundisha, maana nimekuwa mwalimu miaka ishirini na minane na nimefundisha wagumu kuliko wao.

Marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha. Mji mzima ulimwita Kidevu, kwa kuwa hakuwahi kumpiga mtu picha bila kwanza kutoka nyuma ya kamera, kumwinua kidevu kwa vidole viwili, kisha kurudi. Hata hakimu alimwinua. Maharusi wake wote wanaonekana kama wamesikia panya darini.

Mganga hajigangi: sisi wawili hatukuwa na picha ya pamoja. Tulipotimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa nikamwambia, "Kesho unafunga studio, unanipiga picha na wewe ukiwemo."

"Nani atabonyeza?"

"Kamera yako si ina kitufe cha kuchelewesha? Ulinisifia mwenyewe siku uliyoinunua."

"Mama watoto, sekunde kumi ni chache."

"Kwa mtu anayenyamaza ni nyingi."

Akabonyeza, akakimbia, akafika kando ya kiti changu sekunde sita zikiwa bado zipo. Angesimama tu. Lakini mkono una mazoea yake. Akageuka, akanishika kidevu. "Juu kidogo." Kamera ikalia.

"Safari hii sikugusi," akasema. Akanigusa. Tukaendelea hivyo karibu filamu nzima: uso wangu na mgongo wa mtu. Iliyo nafuu aliikuza, akaitundika dirishani mwa studio, na chini yake akaandika "Mimi na Mke Wangu", kwa ujasiri wa mtu asiyeonekana.

Alipofariki mwaka jana ndipo akili za watu zikafunguka. Mpiga picha, walisema, hukaa nyuma ya kamera. Kama Kidevu alikuwa nyuma ya kamera, huyu mwenye mgongo ni nani? Wa kwanza kupiga hesabu hiyo alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu. Alikaa kwangu miaka tisa na bado mgongo wa kaka yake haujui, kwa kuwa macho yake hayakuwahi kutoka kwenye sahani.

Sasa chama cha wapiga picha kilitaka kuitundika picha hiyo ukumbini mwao, pamoja na za waasisi wengine. Wifi akawawahi na hesabu yake. Wiki iliyopita akaniletea katibu wa chama, ambaye alikaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyeazimwa.

"Shikamoo mama. Sisi tunakuamini. Ila kamati imeomba uthibitisho mdogo tu."

"Wa nini?"

"Wa... wa mgongo, mama."

"Mwenye kweli hana haja ya kufoka, wifi," wifi akadakia.

"Sijafoka. Nikifoka utaondoka bila viatu."

Ukweli ni kwamba katika filamu ile ipo picha moja ambamo mume wangu alikisahau kidevu changu, akaelekea kamera. Uso wake unaonekana wote, ila yeye hakuwa na wa kumwinua kidevu. Ningeitoa, wifi angekosa la kusema na jina langu lingekuwa safi kabla ya magharibi. Niliifuata chumbani, nikaitoa kabatini, nikaitazama kwa muda. Mume wangu alitumia umri wake wote kuhakikisha hakuna mtu wa mji huu anayeonekana ovyo mbele za watu. Nikaifungia, nikarudi sebuleni mikono mitupu.

"Waambie kamati ukuta wao ubaki kama ulivyo," nikamwambia katibu.

Wifi akapiga makofi. "Si nilikwambia? Hana!"

"Ninayo."

"Basi ina nini mpaka uifiche?"

"Ina mume wangu."

Katibu akafungua mdomo. Nikamfungulia mlango. Alichotaka kuuliza ndicho mnachotaka kuuliza na ninyi, na jibu ni lile lile: sisemi.