Bolti Mbili Zilizompeleka Cicily Kituoni

Saa moja asubuhi, Kianjai. Umande bado umelala juu ya majani ya migomba, na moshi wa majiko unapenya taratibu kwenye mapaa ya nyasi ya kijiji kipya. Nyuma ya nyumba ya Bundi limesimama gari kuukuu la jeshi, la aina ya jipu, rangi yake ya kijani imebabuka hata huwezi kutenganisha rangi na kutu. Chini yake imechomoza miguu miwili ya mwanamke, peku, nyayo zimejaa udongo mwekundu.

"Baba Ednah," sauti inatoka huko chini, "hii ya kushoto imelegea kidogo. Inataka robo mzunguko."

"Kaza, lakini usiilazimishe," anajibu Bundi mwenyewe, aliyeketi kwenye kigoda kando ya gurudumu, mkongojo ukiwa umelala magotini. "Ikikataa, iache."

Spana inalia mara moja, kisha kimya. Mwanamke anajivuta nje kwa mgongo, anaketi, anafuta grisi mikononi kwa majani makavu ya mgomba.

Huyu ni Cicily Ciakuthii, umri wake miaka thelathini na minne, mama wa watoto watatu. Ukiwauliza wazee wa kijiji ni nani, watakuambia ni mke wa Bundi. Ukiwauliza wanawake wenye kahawa upande huu wa Tigania, watakuambia ni fundi wa gari lao.

Gari lenyewe lina historia yake. Bundi alikuwa dereva wa jeshi wakati wa vita vikuu, akaendesha malori Abisinia na baadaye Burma. Aliporudi nyumbani alikwenda Nanyuki kwenye mnada wa vitu vya jeshi, mwaka wa 1947, akalinunua kwa shilingi mia tisa alizokuwa ameziweka tangu vitani. Kwa miaka mitano alibeba mahindi, mbao na wagonjwa. Kisha siku moja ya mwaka 1952 gogo la mwerezi alilokuwa akilipakia liliteleza, likamvunja nyonga.

"Daktari aliniambia nishukuru Mungu kwa sababu natembea," anasema Bundi. "Nilishukuru. Lakini gari haitengenezwi kwa kusimama."

Ndipo kazi ya Cicily ilipoanza.

"Aliniambia niingie chini nimwambie naona nini," anakumbuka huku akicheka. "Nikamwambia, naona giza. Akasema, haya, papasa. Mwaka mzima tulikwenda hivyo. Yeye anauliza, mimi napapasa. Mama yake alinuna wiki mbili, hakunisemesha. Alikuwa anaona aibu mke wa mtoto wake akilala chini ya gari kama askari."

Tangu hapo amebadilisha breki, amezibua mirija ya petroli, ameshona viti kwa sindano ya magunia. Anayeendesha ni Muthamia, mdogo wake Bundi, mwenye leseni na kibali cha barabara.

Kinacholifanya gari hili liwe na thamani kuliko sura yake ni kahawa. Kahawa mbivu sharti imenywe maganda kiwandani siku ileile iliyochumwa. Ikilala, inaharibika na kiwanda kinaikataa. Kutoka hapa hadi kiwandani ni maili saba. Zamani wanawake waliibeba mgongoni na kurudi muda wowote. Tangu ilipotolewa amri ya Hali ya Hatari, saa kumi na mbili jioni kila mtu awe ndani ya kijiji, na anayekutwa njiani hana la kujitetea. Mwenye mzigo mgongoni hawezi kwenda na kurudi kabla ya saa hiyo. Kwa hiyo wanawake kumi na mmoja hupakia kahawa yao kwenye gari la Bundi, senti hamsini kwa gunia, na karo za watoto wao zinapanda humo humo.

Jumatatu moja ya mwezi uliopita, Oktoba, msimu ukiwa umeanza kushika kasi, gari lilikuwa likirudi tupu kutoka kiwandani. Lilipovuka korongo, Muthamia akasikia mlio.

"Kama mtu amevunja mfupa," anasema. "Halafu gari ikainama upande wa kushoto, ikakataa kabisa."

Lilivutwa na ng'ombe wanne hadi nyumbani. Cicily akaingia chini. Bolti nene inayoishikilia springi ya mbele kwenye fremu ya gari ilikuwa imekatika katikati. Nusu moja ilianguka njiani, nusu nyingine imeng'ang'ania ndani ya jicho la springi, yaani tundu la ncha yake. Bundi alipatazama mahali ilipokatikia na kutikisa kichwa. Kutu ilikuwa imekwisha kula sehemu kubwa. Chuma king'aavu kilichobaki hakikuzidi unene wa msumari. Ya upande wa kulia nayo ilikuwa imelika.

Cicily alimwagia mafuta ya taa, akangoja, akagonga, akangoja tena. Jua lilipokuwa likielekea kutua, kile kipande kilitoka. Lakini bolti za namna ile haziuzwi dukani. Ni ndefu kama shubiri, na katikati zina tundu jembamba la kupitishia grisi. Kumbuka tundu hilo.

Jumanne asubuhi alipata kibali cha siku mbili, akaenda Makutano, Meru mjini, kwa Bwana Ahmednoor Rage, msafirishaji ambaye nyuma ya yadi yake ya malori kumelala majipu mawili yaliyokufa.

"Nilimwambia, mama, ukiitoa mwenyewe ni yako," anasema Ahmednoor. "Hapa wanakuja madereva, wanakunywa chai yangu wakingoja fundi wangu awafungulie. Huyu alikuja na spana yake ndani ya kiondo. Nikasema, wacha nione. Alitoa bolti mbili, nzima, hata nyuzi za kukazia nati hazikukwaruzika. Mke wangu Hinda akamwambia, wewe leo unalala kwetu, saa ya kutembea imekwisha."

Jumatano asubuhi alipanda lori la Ahmednoor linaloelekea Maua. Nyumbani, wanawake walikuwa wameamka na kuchuma. Kahawa ilikuwa imeiva kupita kiasi, isingengoja siku nyingine, nao walikuwa na hakika kwamba Cicily atarudi na bolti.

Maili nne kabla ya Kianjai, kwenye kizuizi cha barabarani mbele ya kituo cha polisi, abiria waliamriwa kushuka. Aliyepekua kiondo cha Cicily ni Koplo Mwaniki, mtu wa Embu. Kwa kuwa Kimeru na Kiembu havikutosha kwa jambo zito kama lile, walisemezana Kiswahili.

"Hii nini?" aliuliza, akiinua bolti moja na kuitazama angani. Kupitia lile tundu aliona mwanga.

"Ni bolti ya gari, afande."

"Bolti gani iko na tundu? Hii mtutu wa bunduki."

"Hiyo tundu ni ya grisi."

"Mbili?"

"Moja ya kushoto, moja ya kulia."

Alikuwa na barua ya Ahmednoor. Koplo aliisoma, akaikunja. "Karatasi mtu yeyote anaandika," alisema.

Msomaji anajua hali ilivyo mwaka huu wa 1955. Misituni kumeokotwa bunduki zilizoundwa kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na springi za vitanda. Kukutwa na risasi moja tu kumewafikisha watu kwenye kitanzi. Lori liliondoka. Cicily akabaki amechuchumaa ukutani, kiondo chake kikiwa mezani pa askari.

"Sikulia," anasema. "Niliwaza nani atawapikia watoto. Halafu nikawaza ile kahawa. Unajua ukiogopa sana, akili inashika kitu kidogo. Nikaona magunia yamepangwa pale uani, yanaanza kutoa joto."

Mkubwa wa kituo alikuwa safarini hadi kesho yake. Saa nne, saa tano, saa sita. Hapo Cicily aliinuka.

"Afande, twende nyumbani kwangu. Hiyo bolti iko na mahali pake. Kama haiingii, utanirudisha hapa. Sitakimbia, nitatembea mbele yako."

Koplo alichukua bunduki yake, akatia bolti mfukoni mwa koti, akamwonyesha barabara kwa kidevu.

Maili nne walikwenda hivyo, mwanamke mbele, askari nyuma. Walipoingia kijijini milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Wanawake waliokuwa wameketi juu ya magunia ya kahawa walisimama. Bundi alijiinua kwa mkongojo.

"Wewe kaa," koplo alimwambia. "Usimwonyeshe kitu. Hata neno moja. Nataka kuona yeye."

Bundi akaketi. Anasema katika maisha yake, Burma ikiwemo, hajawahi kuona saa ndefu kama ile.

Gari lilikuwa juu ya mawe, limeinuliwa kwa gogo refu lililosukumwa chini yake kama wenzo. Cicily alipokea bolti kwa koplo, akajilaza chini, akaipaka moja grisi, akaiingiza kwenye tundu la fremu. Iliingia nusu, ikagota.

Akaitoa, akajaribu tena. Ikagota palepale.

"Haiingii," alisema koplo. Mkono wake ulikuwa umeshika mkanda wa bunduki. Bundi alijua kosa liko wapi, na alijiuma mdomo hadi ukatoka damu.

"Nilipapasa," anasimulia Cicily. "Nikaweka kidole ndani ya jicho la springi, nikasikia ukingo. Gari ilikuwa imeshuka kidogo, matundu hayatazamani. Nikajua si bolti mbaya. Ni uzito."

Alitoa kichwa nje. "Afande, kanyaga hilo gogo."

"Mimi?"

"Mume wangu hawezi, na hawa mama umewakataza kusogea. Kanyaga, inataka kupanda kidogo tu."

Koplo Mwaniki alitazama huku na huku. Kisha akaivuta bunduki mgongoni, akalishika lile gogo kwa mikono miwili na kuliegemea kwa tumbo. Gari likapanda kama upana wa kidole.

"Basi! Shika hapo hapo!"

Bolti ilipita yote, laini, ikatokeza upande wa pili. Cicily akafunga nati, akakaza. Hakungoja kuambiwa, alihamia upande wa kulia, akaitoa ile iliyolika na kutia ya pili, koplo akiwa bado ameng'ang'ania gogo, jasho likimtiririka.

Alipomaliza alichukua pampu ndogo ya grisi, akaibana kwenye kichwa cha bolti na kusukuma. Grisi ikapita kwenye lile tundu, ikachungulia pembeni mwa springi.

Koplo alichutama, akaigusa kwa kidole. "Kumbe," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ni ya gari kweli."

Wanawake walipiga vigelegele hadi milango iliyofungwa ikafunguka. Bundi aliuficha uso kwa kofia.

Lakini ilikuwa saa tisa na nusu, na kahawa bado iko chini. Walipakia kwa haraka, kila mmoja akishika pembe ya gunia. Muthamia akawasha gari, naye koplo, shati lake la kazi likiwa na mstari mweusi wa grisi tumboni, akapanda mbele bila kuombwa. "Kwenye kizuizi kingine watakuchelewesha," alisema. "Mimi nikiwepo utapita."

Magunia kumi na manne yalipokelewa kiwandani saa kumi na nusu. Hakuna hata moja lililokataliwa.

Mwandishi alimkuta Koplo Mwaniki kazini kwake wiki hii. Hakukataa kusema. "Ndugu yangu alipigwa na bunduki ya kutengeneza, huko kwetu Embu. Nilipoona tundu, niliona ile," alisema. "Tena nikiona leo, nitasimamisha vilevile. Lakini nitauliza vizuri. Yule mama nilimwambia pole. Alinijibu, pole yako niliipokea pale ulipoegemea gogo."

Cicily anasema hana kinyongo, ingawa kwa siku kadhaa alishtuka kila aliposikia buti. Anachokifikiria sasa ni Januari. Chama cha wakulima wa kahawa kimenunua lori lililotumika, na mwenyekiti wake, Kathuri, alikuja juzi kuuliza kama ataweza kulitunza kwa mshahara wa kila mwezi.

"Nilimwambia springi ya jipu na springi ya lori ni ndugu, ila mmoja ameshiba," anasema. "Akacheka. Halafu akasema, basi uanze tarehe tatu."

Mama mkwe, yule aliyenuna wiki mbili, ndiye atakayekaa na watoto. Bundi atapanda lori kila asubuhi na kigoda chake, kwa sababu, anavyosema Cicily, macho mawili hayatoshi kwa gari kubwa namna ile.

Jumamosi iliyopita alikwenda soko la Kianjai na kitambaa kigumu cha buluu, akamwomba fundi cherehani amshonee ovaroli. Fundi akatandika kitambaa mezani, akachukua chaki.

"Mume wako ana urefu gani?"

"Si yake," Cicily akamjibu, akanyoosha mikono pembeni. "Nipime mimi."