Uzi Mmoja wa Modu Fannami

Marehemu Modu Fannami, Mungu amlaze pema, alifua kofia Maiduguri kwa miaka thelathini na minane. Zilikuwa kofia za zanna, zile ndefu za kudariziwa kwa mkono. Alizitia wanga, akazivika kwenye magogo yaliyochongwa mithili ya vichwa, zikauke bila kujikunja. Kila mteja alipimwa kichwa kwa uzi mmoja mweusi wenye mafundo, ili apatiwe gogo la saizi yake. Karani wa kasri ya Shehu, mtawala wa jadi, na mchinja ngamia, uzi ule ule.

"Kichwa ni kichwa," alisema, "hata kikiwa kitupu."

Hapo alimlenga Jauro Buba, muuza maziwa. Modu Mkanuri, Jauro Mfulani. Kwa hiyo ni watani tangu enzi za mababu.

"Mtumwa wangu kaamka?" Jauro aliuliza kila asubuhi, akitua kibuyu.

"Nimeamka nikuuze, ila sokoni leo hakuna anayenunua mifupa."

Mwaka ule magaidi walipolipua mabomu mjini, wanajeshi walizoa vijana mtaani kwa kuwashuku. Yaya, mwana wa Jauro, akachukuliwa. Modu akamwambia mtani wake, safari hii bila mzaha, "Jeshi halimchukui mtu bure. Tungoje wachunguze." Jauro akabeba kibuyu chake, akaondoka.

Miezi miwili baadaye wakamchukua Maina, mwanawe Modu wa pekee. Modu akapaza sauti mtaa mzima: huu ni uonevu, mtoto hana kosa, wamwachie! Kesho yake Jauro alileta maziwa. Alitua kibuyu, akaenda zake.

Ndipo ikasikika kwamba mwakilishi wa serikali moja ya Ulaya anakuja kusikiliza wananchi, nyumbani kwa Bulama, mkuu wa mtaa. Modu akaandika jina la Maina kwenye karatasi. Asubuhi ya mkutano akafungua redio. Kumbe nchi ile ya mgeni nayo ililipuliwa kwa bomu juma lililopita. Imekamata watu mamia, haijawashtaki hata mmoja, na waziri wake anasema kila taifa lina haki ya kujilinda. Modu alicheka hadi wanga ukamwagika.

Mkutanoni yule mama wa Ulaya alisema kwa upole, kupitia mkalimani, kwamba serikali ya Nijeria haifai kumfungia mtu bila mashtaka, hata vitani na magaidi.

Modu akasimama, uzi mkononi. "Umesema kweli, mama. Na wale wa kwenu mnawaachia lini?"

Mama akatazama viatu vyake. "Kwetu hali ni tofauti kidogo."

"Basi una nyuzi mbili! Kwangu ungekosa wateja."

Watu wakaangua kicheko, hata mkalimani. Nyuma kabisa ikatoka sauti ya Jauro: "Na wewe mtumwa wangu, unazo ngapi?"

Kicheko kikakatika. Modu akaitazama karatasi yake. Mkutano kama ule haungerudi tena, na jina la Maina lilikuwa kwenye karatasi peke yake. Akaona wazi kwamba majina mawili yangempunguzia Maina bahati kwa nusu.

"Mbili," akasema. "Mwana wa Jauro nilimpima kwa ule mwingine. Mungu anisamehe."

Akaomba kalamu kwa Bulama. Juu ya jina la Maina akaandika Yaya Buba. Mama akaipokea karatasi kwa mikono miwili, Bulama naye akanakili majina.

Nani hasa aliwafungulia, hakuna ajuaye. Sisi tunamshukuru Mungu. Yaya alitoka kwanza, kabla ya Ramadhani. Maina akatoka baada ya Idi, na kwa majuma hayo matano Jauro hakumtania Modu hata mara moja. Modu aliona ndiyo adhabu kubwa kuliko zote.

Juzi tulipomzika Modu, Jauro aliingia matangani kwa kishindo, fimbo mkononi.

"Nani kampa mtumwa wangu ruhusa ya kuondoka?" akafoka. "Mrudisheni!"

Wajane wakacheka huku machozi yakiwatiririka. Kisha mzee yule akavua kofia, akaketi chini mbele ya Maina, akainamisha kichwa.

"Haya, bwana mdogo. Nipime."

Maina akatoa mfukoni uzi mweusi wa baba yake.