Mstari wa Kwanza wa Madai ya Bibi

Hati ya madai ya bibi yangu niliiandika mwenyewe, nikiwa mwaka wa mwisho wa kusomea sheria. Jirani alikuwa ameingia katika shamba lake la Ngombezi, alilolilima tangu ujana, nami niliamini kwamba ukweli ukiandikwa wote, haki itafuata. Ndiyo maana mstari wa kwanza ulisema: mdai ni mzaliwa wa Ngombezi, Mrundi. Watu wa kambi za mkonge, watoto na wajukuu wa vibarua walioletwa kutoka mbali, hujitambulisha hivyo hadi leo. Alikotoka baba ndiko kwenu, hata kama hujawahi kukuona.

Siku ya shauri, katika baraza la ardhi mjini Korogwe, wakili wa jirani aliusoma mstari huo polepole. Mdai si raia, alisema. Asiye raia hamiliki shamba la kijiji, na baraza halina mamlaka ya kumsikiliza.

Shamba lenyewe nililisahau. Nilimwona bibi yangu mbele ya meza ya uhamiaji, akitakiwa kurudi mahali ambapo hakuwahi kutoka.

Mwenyekiti alifunua kurasa kwa muda mrefu. Mamlaka ya baraza, alisema, yanatokana na mahali ardhi ilipo, na hii iko hapa. Hata mgeni atasikilizwa. Lakini kama anaruhusiwa kuimiliki, hilo linategemea uraia, na uraia hauamuliwi na baraza. Kisha akamgeukia bibi.

“Bibi, ulizaliwa kabla ya uhuru?”

“Kabla, mwanangu. Kambini palepale.”

“Mama yako je, alizaliwa wapi?”

“Handeni. Mzigua yule! Huyu msomi wangu hakuniuliza.”

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Sheria ile nilikuwa nimeifanyia mtihani: aliyezaliwa Tanganyika kabla ya uhuru, mzazi wake mmoja naye akiwa mzaliwa wa hapa, alikuwa raia tangu siku ya uhuru. Lakini kambini mama hahesabiwi, nami sikumhesabu.

Tulipewa mwezi mmoja kuleta uthibitisho wa uraia kutoka uhamiaji. Nje nilitoa kalamu ili nilikate lile neno Mrundi kwenye nakala yangu.

“Usimfute baba yangu,” bibi alisema. “Muongeze mama.”

Kesho yake tulipanda basi la Handeni. Waliomjua mama yake, walioweza kuapa kwamba alizaliwa huko, walikuwa wamebaki wawili: mmoja hakuwakumbuka tena hata wanawe, wa pili alikuwa kitandani tangu masika. Njia nzima niliomba tumkute akiwa hai.