Kifundo cha Mguu wa Mbeba Barua

Ingegerd Tallroth hupanda ngazi ishirini na sita kila asubuhi kufika kazini, na huzipanda kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa mchuzi. Ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa muuguzi wa gari la wagonjwa hapa Skövde, mji wa Uswidi, hadi siku moja ya Novemba, miaka minne iliyopita, alipomshusha mzee wa kilo mia na kumi kutoka ghorofa ya nne, lifti ikiwa mbovu, na kitu mgongoni mwake kikaachia. Mzee alipona. Mgongo wa Ingegerd haukurudi ulivyokuwa.

Sasa anafanya kazi akiwa amesimama. Akifika juu huvua viatu vya theluji mlangoni kama kila mtu, huvaa ndara za sufu, hubonyeza kitufe cha meza mpaka inapanda kufikia kiwiko, kisha hufungua majedwali yake ya majeraha. Ofisi ina watu saba na inatengeneza gemu za kompyuta. Wenzake wanamwita Sista. Lilianza kama utani, likabaki kuwa jina.

Katika gemu nyingi mchezaji hupigwa risasi tatu, mstari mwekundu pembeni mwa skrini ukapungua, akakanyaga kisanduku cha dawa, mstari ukajaa, akaendelea kukimbia. Hawa saba waliamua kutengeneza gemu ambayo mwili ni mwili. Mhusika wake ni Elna, mbeba barua wa mwaka 1923, mwenye siku kumi na mbili za kupeleka mfuko wa barua kupitia misitu ya kaskazini katikati ya baridi. Hakuna adui wa kupigana naye. Kuna theluji, barafu na haraka. Katika sura ya kwanza Elna anaruka ukuta wa mawe, anateguka kifundo cha mguu wa kulia, na kutoka hapo ana kilomita nne mpaka kibanda chenye jiko.

Ingegerd ndiye aliyeandika yanayotokea ndani ya kilomita hizo nne. Anajua kifundo kilichoteguka kinavimba kwa kasi gani ndani ya kiatu kilichofungwa, jasho linapoa baada ya dakika ngapi, vidole vinaacha kutii lini. Vilgot, kijana wa programu mwenye ndevu chache na maneno machache, huyageuza majedwali hayo kuwa gemu. Sharti la Ingegerd lilikuwa moja tangu siku ya kwanza: pasiwe na mstari mwekundu, wala neno lolote kwenye skrini. Mchezaji amwangalie Elna jinsi muuguzi anavyomwangalia mgonjwa. Rangi ya uso. Mvuke wa pumzi. Zaidi ya yote, nyayo. Mguu unaouma hukanyaga kwa woga, kwa hiyo alama yake kwenye theluji huwa na kina kidogo kuliko ya mguu mzima. Vilgot alitumia wiki tano kuzipatia nyayo hizo, na hakuna kitu katika gemu nzima ambacho Ingegerd alijivunia kuliko hicho.

Jumatatu ya pili ya Machi, Torkel Hedenskog, mwenye kampuni, alisimama karibu na meza yake akikoroga kahawa isiyo na sukari.

"Alhamisi wanakuja watu kumi na wawili wa nje kujaribu sura ya kwanza," alisema. "Wasipofika kibandani angalau sita, labda tungeweza kufikiria ule mstari mwekundu."

"Labda," alisema Ingegerd.

"Labda tu, Sista. Na bendeji inayoponya upesi kidogo."

"Upesi kiasi gani?"

"Sekunde tatu."

Ingegerd alishusha miwani. "Torkel, mimi nimefunga bendeji miaka ishirini na miwili. Kwa sekunde tatu hata ncha yake hujaiona."

Torkel alicheka, lakini neno lake hakulirudisha. Hakuna mtu katika ofisi hii anayetoa amri. Mambo hupendekezwa kwa upole mpaka siku moja yanakutwa yamekwisha kufanyika. Ingegerd alilijua hilo. Hakuhofia kibarua, maana malipo ya mgongo yangemtosha kula. Alihofia kitu kingine. Kwa miaka minne watu wamekuwa wakimuuliza atapona lini, kana kwamba kuna tarehe mahali fulani na yeye anaificha. Katika majedwali yake alikuwa amejenga mahali ambapo mtu akiumia ameumia, na njia inamngoja. Mstari mwekundu ungeifuta kazi hiyo kwa alasiri moja.

Alhamisi walikuja kumi na wawili. Sheria ya siku ya majaribio ni kwamba mtazamaji huketi nyuma ya mchezaji na hasemi kitu. Hasaidii, haguni, hakohoi. Ingegerd alisimama nyuma yao kwa zamu, mikono ameifumbata mgongoni, akawatazama wakimuua Elna mmoja baada ya mwingine.

Mwalimu wa hesabu alimkimbiza kwa mguu mbovu mpaka akaanguka kifudifudi. Mwanafunzi mmoja wa chuo alipekua kila kichaka akitafuta kisanduku cha dawa. Mwingine aliwasha moto vizuri, akapasha vidole, halafu akakosa subira na kuondoka na soksi mbichi. Kufikia saa tisa alasiri Elna alikuwa amekufa mara kumi na moja. Aliyefika kibandani alikuwa mmoja tu, Carola Wiik, dereva wa basi la mjini, mwanamke mnene mwepesi wa kucheka. Ingegerd alimfuata kwenye makoti akiwa na matumaini yote ya siku ile.

"Wewe ulimpumzisha chini ya mti," alisema. "Dakika kumi na mbili nzima. Ulijuaje?"

"Kujua nini, mwenzangu? Nilikwenda kuchukua kahawa. Pale jikoni kwenu kuna foleni."

"Na ulipoondoka alikuwaje?"

"Sawa tu. Nilidhani amechoka kidogo."

"Nyayo zake uliziona?"

Carola alisita na koti nusu begani. "Nyayo zipi?"

Kwenye fomu zao karibu wote waliandika kwamba gemu ni nzuri na ni ngumu kidogo. Skövde, ngumu kidogo ni malalamiko makali.

Kila Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi ofisi nzima hukaa kwenye meza ndefu kunywa kahawa na maandazi ya iliki, na huwa ni zamu ya mmoja wao kuyaoka. Kikombe cha kwanza ni cha habari za watoto na theluji. Kwenye kikombe cha pili wanazunguka meza, kila mtu anasema lake bila kukatizwa, na kama hakuna anayepinga, jambo limeamuliwa. Ijumaa hiyo maandazi yalikuwa ya Tuva, mchoraji wa misitu na mawingu, na yalikuwa yameungua chini.

"Kumi na mmoja kati ya kumi na wawili, Sista," alisema Torkel. "Hata wewe barabarani hukupoteza wengi hivyo."

"Barabarani wagonjwa hawakuwa na haraka ya kuona mwisho."

Tuva alisema anapenda kimya cha skrini lakini hana hakika. Vilgot akaomba arukwe, atasema mwisho. Zamu ikafika kwa Ingegerd, ambaye hakuwa amegusa andazi lake.

"Nina swali moja. Kati yetu hapa, nani ameshafika kibandani?"

Walitazamana. Torkel aliinua mkono. "Mimi nimefika mara mia."

"Na mguu umeteguka?"

"Aa, hapana. Kwa kitufe."

Ikabidi Vilgot aeleze. Anayejenga daraja la sura ya tatu hawezi kupoteza dakika arobaini akichechemea kila anapotaka kuona kama ubao umekaa vizuri. Kwa hiyo tangu Oktoba kulikuwa na kitufe cha watengenezaji tu: ukikibonyeza, Elna hasikii baridi wala maumivu. Kila ofisi ya gemu inacho. Hapa kilibonyezwa asubuhi taa zikiwashwa, na hakuna aliyekumbuka kukizima.

"Basi Torkel hukufika," alisema Ingegerd. "Ulibebwa."

"Nilibebwa vizuri lakini."

Waliyachukua maandazi yao wakaenda mbele ya skrini kubwa, na Vilgot akakizima kitufe. Torkel alicheza kwanza akiwa na andazi mdomoni, akamuua Elna kwa dakika tisa. Tuva alidumu dakika kumi na tatu. Vilgot, aliyeandika kila mstari wa programu ile, alidumu kumi na saba na akaiweka pedi ya kuchezea mezani taratibu, kama mtu aliyevunja kitu cha mwenyeji.

"Haya, Sista," alisema Torkel. "Zamu yako. Mwili ni wako."

"Mimi sichezi gemu."

"Hata mimi sikujua kama sichezi, mpaka leo."

Ingegerd aliishika pedi kama sindano. Alikwenda polepole, akauruka ukuta, akateguka, akainuka. Alijua kila namba iliyokuwa ikitembea ndani ya mguu ule. Akatafuta nyayo. Mbele yake kulikuwa na theluji safi isiyo na alama, na miti, na njia. Alitembea hatua ishirini akizitafuta kabla hajaelewa. Nyayo zilikuwa nyuma. Miaka miwili alikuwa amezitazama kwenye picha za Vilgot zilizopigwa kutoka juu, kama ramani. Mchezaji humtazama Elna kwa mgongoni, uso na pumzi vimeelekea msituni, na kila alama aliyoacha iko nyuma yake. Akamgeuza Elna aangalie, akapoteza mwelekeo, akaingia kwenye mkondo wa maji yaliyoganda juu tu. Elna alikufa kwa baridi katika dakika ya ishirini na moja.

Kisha Tuva akauliza, kwa sauti ya kawaida, ni nini hasa kilichomuua.

"Kiatu," alisema Ingegerd. "Hakulegeza kamba, mguu ukavimba, akatembea vibaya, akatoka jasho, jasho likapoa. Hayo mengine yalikuwa kumalizia tu." Akaweka pedi chini. "Yote hayo nimeyajua alipokwisha kufa. Nimewafanya wapime mgonjwa ambaye hata uso wake hawauoni."

Torkel alivuta pumzi kwa ndani, namna watu wa hapa wanavyokubali jambo lisilopendeza. "Kwa hiyo mstari mwekundu."

"Subiri," alisema Vilgot. "Mimi sijasema." Alikuwa akimtazama Ingegerd. "Sista, wewe huwa unapanda ngazi unaongea."

"Naongea na nani?"

"Na mgongo. Kila asubuhi, miaka miwili sasa. Meza yangu iko karibu na mlango, nasikia. 'Haya mgongo, zimebaki sita. Usinifanyie hivyo.' Siku ya barafu unautukana."

Tuva aliangalia ndara zake kuficha kicheko. Torkel hakujificha.

"Kumbe mnanisikia," alisema Ingegerd.

"Wote. Sasa Elna mbona bubu?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Ndani ya gari la wagonjwa, alisema mwishowe, hakuwahi kumtazama mtu kimyakimya na kujua. Aliuliza inauma wapi, na watu walisema. Hata aliyekuwa peke yake shimoni kwa saa tatu nzima walimkuta akisema. Kukataa maneno kwenye skrini kulikuwa sahihi. Kumnyima Elna mdomo ndiko kosa lake, na aliomba iandikwe kwamba ni lake.

Wakarudi mezani kwa kikombe cha tatu, jambo lisilo la kawaida. Torkel alitoa wiki mbili, kisha wale wale kumi na wawili warudi. Halafu akauliza, kwa uangalifu, kifundo kinapona siku ya ngapi.

"Wiki ya tatu, kama akitulia."

"Gemu ina siku kumi na mbili."

"Basi hatapona," alisema Ingegerd. "Sijasema hatafika. Mpe fimbo. Mfundishe kuchechemea vizuri. Mtu anaweza kwenda mbali akichechemea vizuri."

Walizunguka meza. Hakuna aliyepinga.

Kitufe kilibaki, ila waliandika kwenye karatasi mlangoni kwamba Ijumaa hakiguswi. Ukaguzi wa nyayo ulihamishwa: sasa Elna akisimama, huinama mwenyewe na kuangalia alikotoka. Sauti zilirekodiwa kabatini, katikati ya makoti, kwa kuwa makoti humeza mwangwi. Mwigizaji angetafutwa baadaye. Kwa majaribio alisoma Ingegerd mwenyewe, amesimama, sentensi arobaini na moja. Nyingi hakuzitunga. Ni maneno aliyowahi kuambiwa na watu aliokuwa amewashika mkono.

Alhamisi ya mwisho ya Machi, Carola Wiik aliketi kwenye kiti kile kile. Safari hii kahawa aliichukua kabla. Ingegerd alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, hakuruhusiwa hata kukohoa.

Elna aliruka ukuta. Elna aliteguka. Baada ya mita mia tatu alisema, kwa sauti ya mwanamke wa miaka hamsini na tisa, "Kiatu kinanibana. Hiki kiatu kinanibana sana." Carola alilegeza kamba. Walikwenda. Karibu na nusu ya njia Elna alisema, "Ngoja kwanza. Nikae kidogo, halafu twende."

"Kaa, mwenzangu," Carola alimjibu kwa sauti, bila kujua kwamba amejibu. Akaweka pedi kwenye mapaja, akachukua kikombe chake, na akamtazama mwanamke yule chini ya mti mpaka mvuke wa pumzi yake uliporudi kuwa wa kawaida.

Jioni ile walihesabu wanane waliofika. Ijumaa, kwenye kikombe cha pili, Torkel aliuliza kama kuna mtu anataka kusema lolote kuhusu mstari mwekundu. Mtu mmoja aliomba sukari.