Mahari kwa Mdomo wa Karani

Vitabu vya ndoa vya msikiti wetu hapa Kisenyi niliviskani mimi mwenyewe, kabla maji ya mvua hayajaingia stoo na kuvigeuza uji. Tangu hapo ndoa za mtaa mzima zimebaki ndani ya kompyuta ya duka langu la nakala. Watu hunishukuru. Mimi mvua ikinyesha hukumbuka nilivyoifanya kazi ile: mbio mbio kabla umeme haujakatika, nikifunua kurasa bila kuangalia nyuma.

Asubuhi moja akaja jirani yangu, mjane, binti wa askari polisi kutoka kaskazini. Mashemeji zake walidai hakuolewa, alikaa tu na ndugu yao, kwa hiyo atoke nyumbani. Kadhi alitaka aone ushahidi siku hiyo hiyo, baada ya swala ya adhuhuri. Mashahidi wa ndoa walikwisha kufa, na mwaka wenyewe hakuukumbuka.

Nikamwambia asihofu. Programu ilikwisha kusoma picha za kurasa na kuzigeuza maandishi. Unaandika neno, linajitokeza. Nikaandika jina lake. Hakuna. La mumewe. Hakuna. Nikakumbuka mahari yake ilikuwa cherehani, ile ile anayoshonea hadi leo. Nikaandika cherehani. Hakuna. Nikaandika mahari, neno linalopaswa kuwamo katika kila ndoa. Hakuna hata moja.

Hapo nikaogopa kweli. Je, mashine haikusoma kitu? Au ukurasa wake ndio niliouruka? Kufungua picha moja moja kungechukua siku nzima, na adhuhuri haikuwa mbali. Nikamlaumu karani wa zamani aliyeviandika vitabu, nikailaumu skana, kisha nikatamka maneno yanayonisuta hadi leo: pengine ndoa yenu haikuandikwa.

Hakulia. Aliniuliza nimeandika nini hasa, nikamsomea.

"Mwanangu, wewe naandika na mudomo ya kwenu," akasema. "Ile karani alikuwa Muganda. Andika na mudomo yake."

Sisi ni ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, na Kiswahili ndicho kiburi chetu. Tangu utotoni tumewacheka majirani wanaochanganya r na l. Nikaandika mahali. Kurasa zikafurika. Nikaongeza chelehani, zikabaki nne. Ya tatu ilikuwa yake, majina yote mawili yana l palipostahili r, na chini yake: Mahali, chelehani moja. Mashine ilisoma sawasawa. Asiyejua kusoma nilikuwa mimi.

Programu ilipiga mistari myekundu chini ya maneno yale, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukaanza kuyasahihisha. Akanishika kifundo.

"Wacha hivyo," akasema. "Mimi iliolewa hivyo."

Nikachapa picha ya ukurasa, na maandishi kwenye karatasi ya pili. Akaondoka adhana ikianza. Mimi sikushika kazi tena. Nilijiuliza kama kadhi atalielewa lile neno, au mashemeji watacheka kama nilivyokuwa nikicheka mimi. Mteja alikuja kutaka nakala, nikamrudisha bure.

Jioni, kupitia ukuta unaotenganisha nyumba zetu, nikasikia cherehani inalia mahali pake.